Nyumba ya Kamba

Tulimwacha Rula katikati ya barabara, shingo kaielekeza juu, mdomo wazi. Kule juu, kwenye ghorofa ambayo bado haijajengwa, mtu alikuwa ameegemea dirishani.

Ndiyo, ghorofa haipo. Kwa wewe uliyelikosa gazeti la wiki jana, nikupe kwa ufupi kabla sijakasirika. Rula ni msanifu wa majengo. Jina hilo alibandikwa na mafundi kwa sababu rula haimtoki mkononi; hata akila, imelala kando ya sahani. Katika mtaa huu mkongwe nyumba zimebanana bega kwa bega tangu enzi za babu wa babu zetu, na anayetaka kujenga kwenye kiwanja kitupu hapewi kibali kwa michoro peke yake. Lazima kwanza asimamishe nyumba ya kamba: miti myembamba kwenye kona, kamba pale kuta zitakapopita, vitambaa vyeupe pale madirisha yatakapokaa. Upana ule ule, kimo kile kile. Majirani waje, watazame, waseme kama mgeni huyo atakaa vizuri kati yao au atawatia aibu.

Nyumba ya kamba ya Rula ilikuwa imesimama tangu asubuhi. Na sasa ilikuwa na mtu ndani.

"Nani huyo juu?" alifoka Timazi, fundi mkuu, mtu mrefu, mwembamba, aliyenyooka kama uzi wake wa kupimia kuta. "Teremka! Hapo hakuna sakafu!"

Yule mtu hakuteremka. Aliinamisha kichwa taratibu, kama mtu anayemtafuta mtoto barabarani.

Mwenyekiti wa kamati ya mtaa, mwenye tumbo la kutosha na ujasiri wa wastani, alirudi nyuma hatua kadhaa. "Mimi macho yangu ni ya karibu tu," alisema. "Mimi sijaona kitu."

Timazi akaegemeza ngazi kwenye mti wa kona, akapanda huku akisonya. Alipofika juu alinyoosha mkono, akashika kitu. Kisha fundi akacheka. Kitambaa cha dirisha dogo kilikuwa kimechomoka upande mmoja, kikajizungusha kwenye mti wa kando, na upepo ukakijaza. Timazi alikifungua, akakiviringisha, akakitia mfukoni.

"Mtu wenu huyu hapa!" alipiga kelele. "Nitamfua, nitampiga pasi!"

Watu wakacheka. Rula alicheka kuliko wote, kicheko kile cha mtu aliyekuwa karibu kulia.

Ndipo ng'ambo ya barabara sahani ikaanguka, ikapasuka.

Alikuwa Bibi Pazia. Ni yule mzee wa nyumba ya mkabala, ambaye hapiti mtu wala paka mtaani bila pazia lake kutikisika. Magoti yalikuwa yamemgomea, na ngazi za nyumba yake alikuwa hajazishuka kwa siku nyingi. Leo alizishuka. Alivuka barabara na ndala moja, nyingine kaiacha nyuma, akamfuata Rula moja kwa moja.

"Dirisha lile," alisema, kidole kikielekea juu. "Nani alikuonyesha?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani alikuonyesha?"

"Hakuna, bibi. Nimelichora mwenyewe."

"Mwongo!"

Mwenyekiti akaona hapo ndipo pa kurudisha heshima yake. "Hata mimi nilitaka kuliulizia," alisema. "Msanifu, kazi yako ni safi. Madirisha yote yamefuata mstari wa majirani, kimo cha paa hakimzibii mtu jua, huwezi kujua ipi ni mpya na ipi ni ya zamani. Ila hilo moja! Liko chini mno, ukisimama pale ngazini liko magotini. Nani atachungulia pale, paka?"

Watu wakacheka tena. Safari hii Rula hakucheka. Dirisha lile dogo la kando ya ngazi alikuwa amelifuta kila mara. Na kila alipolifuta, uso wa nyumba ulimkera, asijue kwa nini, mpaka mkono wake uliporudi ukalichora pale pale. Alijua ni kosa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angechekwa kwa dirisha kama lile. Lakini bila hilo nyumba ilimtazama kama mgeni, na likiwepo, ilimtazama kama mtu anayemfahamu.

"Mjomba hajaliona," alisema, bila kujua kwa nini amesema hivyo.

Na hapa sina budi kumleta Mjomba, maana kiwanja ni chake, na gari lake liko njiani linakuja. Ni ndugu wa mama yake Rula, mkandarasi mkubwa, mtu wa kofia ngumu na sauti ngumu. Ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamnunulia rula ya kwanza. Kwa Rula, Mjomba ni baba na ni mama, kwa sababu baba alikufa na mama alimwacha. "Mama yako alifuata mwanamume," ndivyo alivyoambiwa tangu akiwa mdogo. "Alichukua begi alfajiri, akakuacha umelala." Aliuliza mpaka akachoka kuuliza. Siku alipochoka, alimchukia mama yake, na chuki hiyo akaitunza vizuri, kwa kuwa ndicho kitu pekee alichoachiwa.

Kiwanja hiki Mjomba alikiacha kitupu miaka mingi, pengo kati ya nyumba mbili, mpaka kamati ikasema ajenge au apewe mwingine. Wasanifu wazoefu mjini wamejaa. Hakuwaita. Alimpa mpwa wake, pamoja na sharti moja: "Msingi usichimbwe. Mwaga zege juu juu, jenga. Chini pale ni jiwe tupu." Timazi alilalamika kwamba nyumba ya ghorofa haijengwi juu ya chapati. Rula akamnyamazisha. Kwa Mjomba alikuwa hana shaka hata chembe.

Basi turudi barabarani, Bibi Pazia bado kasimama na ndala yake moja.

"Wewe ni mtoto wa nani?" aliuliza.

"Nimelelewa na mjomba wangu, mwenye kiwanja."

"Sikukuuliza nani alikulea."

Yule mzee alimshika mabega, akamgeuza kuelekea kwenye zile kamba. Mikono yake ilikuwa ya baridi mchana kweupe.

"Fumba macho," alisema. "Ingia nyumbani. Nenda mpaka jikoni, kisha utoke."

"Bibi, hapa ni majani matupu."

"Fumba macho, mjukuu wangu. Ukiona ni upuuzi, nitakuomba radhi mbele ya watu wote hawa."

Rula alifumba macho, hasa ili mambo yaishe.

Alipiga hatua ya kwanza na ya pili. Pale ambapo mlango ungekuwa, mguu wake uliinuka wenyewe, juu, kuliko anavyohitaji mtu mzima, ukavuka kitu ambacho hakipo. Mafundi, waliokuwa wakila, waliacha kutafuna. Mkono wake wa kulia ulitoka ubavuni ukagusa hewa, ukateleza juu ya hewa hiyo kama unafuata ukuta. Alikwenda moja kwa moja, akakata kushoto, akasimama.

"Hapa ni jikoni," alisema, na sauti ilikuwa ndogo, si ya kwake.

"Ndipo," alijibu Bibi Pazia. "Sasa toka."

Rula aligeuka. Kurudi hakukuwa kama kwenda. Alitembea kwa kujikunja, akipumua kwa haraka, kiganja kimoja kimefunika pua. Na katikati ya njia, mahali alipopita wima wakati wa kwenda, alisita. Alikusanya sketi yake mkononi. Aliinua mguu mmoja juu kabisa, akaupitisha juu ya kitu kipana, kisha akauvuta na wa pili. Baada ya hapo alikimbia, akaruka kile kizingiti cha mlangoni, akajikuta kifuani mwa yule mzee, uso umelowa machozi ambayo hakujua yametoka wapi.

Timazi alikuwa akitazama miguu ya Rula. Fundi ni fundi. Akiona alama huipigilia kabla haijapotea. Alichukua kigingi, akakichomeka pale Rula alipokusanya sketi, akakigonga na nyundo. Kigingi kikazama chote kwa pigo moja. Timazi alikitazama, akakunja uso.

"Kizingiti cha mlangoni nakijua," alisema Bibi Pazia. "Kilikuwa kirefu, wageni wote walikuwa wakijikwaa, sisi tunawacheka. Lakini pale penye kigingi? Korido ile ilikuwa tambarare mpaka jikoni. Wakati wa kuingia hukuvuka kitu pale. Umevuka wakati wa kutoka. Ulivuka nini, mjukuu wangu?"

"Sijui. Bibi, sijui! Mimi hapa sijawahi kuishi!"

"Umeishi. Nyumba ilikuwepo. Na dirisha lile mama yako alimwambia fundi aliweke chini, kimo cha mtoto, ili na wewe uone barabara. Kila asubuhi mlikuwa mnachuchumaa pale ngazini wote wawili mnanipungia mkono. Mtaa mzima hakuna dirisha jingine kama lile, na kabla halijaanguka hakuna aliyelipiga picha. Sasa niambie wewe ungelijua vipi."

Rula alikaa chini, pale pale kwenye majani.

"Kuta zilikuwa za mawe na chokaa," Bibi Pazia aliendelea. "Kuta laini, zinazopumua, zimebeba paa lake jepesi miaka yote bila kulalamika. Kaka yake mama yako akaja na zege. Akaongeza ghorofa nyingine nzima juu yake, nzito, na kuta za chini akazipaka saruji ili zionekane mpya. Baada ya hapo zikaanza kupasuka. Mama yako alinileta nione ufa mmoja koridoni, kiganja kinaingia. Alimsihi kaka yake aibomoe ile ghorofa. Yeye akamwambia, acha nimalize, nitaweka nguzo baadaye. Ikaanguka mchana, siku ile ile nilipokuwa nimewapungia asubuhi. Vumbi lilipotulia, ulitoka wewe peke yako, mweupe kama unga, huna viatu, hulii."

"Mama aliondoka alfajiri," alisema Rula. Hayo ndiyo maneno aliyoyajua. "Alichukua begi."

"Ndivyo alivyowaambia watu kaka yake. Kwamba dada yake hayumo, ameondoka na mwanamume, hakuna haja ya kuchimba. Mimi nikasema nimemwona asubuhi kwa macho yangu haya. Nikasema mpaka nikaitwa mwehu. Kabla ya jua kuzama tingatinga lilishasawazisha kila kitu, na wewe ukapelekwa mbali. Tangu siku ile nakaa dirishani. Sichunguzi watu, jamani. Nachunga hapa."

Mwenyekiti, ambaye siku ile alikuwa kijana mwenye masikio mazuri tu, alitazama viatu vyake.

Honi ikalia. Jamani, huyo hapo.

Mjomba alishuka garini akitabasamu, kofia ngumu kichwani, mikono wazi kumpokea mpwa wake. "Mama!" aliita, kwani ndivyo anavyomwita tangu utotoni. "Mbona umekaa chini kama mgonjwa? Kamati wamekusumbua?"

Kisha akatazama juu, na tabasamu likafutika.

"Nani yuko pale dirishani?" aliuliza.

Wote walitazama. Hapakuwa na mtu. Hapakuwa hata na kitambaa, kamba nne tu na mbingu nyuma yake. Timazi alijigusa mfuko polepole. Kitambaa kilikuwa humo humo, kimeviringwa.

"Hakuna mtu, bosi," alisema.

"Yupo! Ame—" Mjomba alijikatiza. Alivua kofia, akafuta uso kwa mkono, akaivaa tena. "Liondoe tundu lile. Mama, nani alikwambia uweke dirisha pale? Liondoe leo, na zege limwagwe kesho."

Rula alisimama. Moyo wake ulikuwa unataka jambo moja tu: Mjomba acheke, aseme bibi huyu amechanganyikiwa, na dunia irudi kama ilivyokuwa asubuhi. Alimpa nafasi hiyo. Tena alimpa kwa mapenzi yote.

"Mjomba, niambie tu nitakuamini. Niliwahi kuishi hapa?"

"Hapana."

"Mama je?"

"Mama yako alikuacha. Tulishamaliza hayo. Ajuza huyu akili si zake, mtaa mzima unajua. Muulize mwenyekiti."

Mwenyekiti aliinua macho, akakutana na ya Bibi Pazia. "Mimi," alisema, akakohoa. "Mimi naona tumwache mtoto aulize."

"Basi kwa nini tusichimbe?" Rula aliuliza.

"Nimekwambia chini ni jiwe!"

"Bosi," Timazi alidakia kwa upole, "kigingi changu kimezama chote kwa pigo moja. Hilo ni jiwe gani?"

Hapo ndipo Mjomba alipokiona kigingi. Alikitazama, akatazama pembeni haraka, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Rula aliona. Lakini bado hakuelewa, kwa kuwa moyo wake wote ulikuwa kwenye lile dirisha, kwenye ngazi, mahali mama yake alipoonekana mara ya mwisho.

"Timazi, chukua sululu," alisema. "Chimba pale ngazini. Chini ya dirisha."

"Kiwanja ni changu!" Mjomba alinguruma. "Atakayepiga sululu humu hafanyi kazi tena na mimi maisha yake yote!"

Mafundi walitazamana, kila mmoja akiwaza watoto wake nyumbani. Halafu Timazi alitemea mate viganja vyake, akaingia ndani ya zile kamba, na pale mlangoni, bila kuambiwa na mtu, akainua mguu akavuka kizingiti.

Sululu ikapiga, udongo ukafunguka kirahisi. Ilipiga tena, ikatoa chokaa nyeupe, inayomeguka kama mkate mkavu. Kisha ikagonga kitu kigumu. Timazi alipiga magoti, akafagia kwa mkono. Ilikuwa kidato cha ngazi, kizima, na ukingo wake umelika katikati kwa miguu ya watu.

Rula aliziba mdomo. Bibi Pazia alianza kulia bila sauti.

"Endelea," alisema Rula. "Polepole. Yuko hapo."

Mjomba alikuwa amesimama nje ya kamba. Kofia ngumu ilikuwa imemwanguka na hakuiokota. Alitazama sululu ikipanda na kushuka, na kila iliposhuka mabega yake yalishtuka, mpaka aliposhindwa kuvumilia. Sauti iliyotoka haikuwa ile ngumu iliyozoeleka. Ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Hapo hayupo," alisema.

Sululu ikabaki hewani.

"Yuko wapi, Mjomba?"

Macho yake ndiyo yaliyojibu. Yalitoka usoni mwa Rula, yakateremka, yakapita juu ya majani, yakaenda kutua kwenye kigingi.

Rula akageuka kukitazama. Pale ndipo alipokusanya sketi. Pale ndipo mguu wake ulipoinuka wakati wa kutoka, juu ya kitu kipana, katika korido isiyokuwa na kizingiti. Maisha yake yote alikuwa akimchukia mwanamke kwa kumwacha, kumbe aliyemvuka mwenzake na kwenda zake alikuwa yeye.

Alikwenda pale kwa kutambaa. Aliking'oa kigingi kwa mikono miwili, akaweka kiganja juu ya tundu kilipotoka, akakaa hivyo. Hakuna aliyethubutu kumgusa.

"Tingatinga," alisema bila kugeuka. "Ulipolileta. Alikuwa ameshakufa?"

Mjomba alitazama gari lake. Timazi, aliyenyooka kama uzi, alikuwa ameshasimama kati yake na mlango wa gari.

"Mjibu mtoto," alisema Bibi Pazia.

"Ilikuwa vumbi," alisema Mjomba. "Sikuona kitu. Nilisikia tu." Alitazama juu, kule kwenye kamba nne za dirisha dogo, kama vile anaomba ruhusa. "Aliita jina lako, mama. Akaliita, akaliita, akikuelekeza mlango ulipo, mpaka ukatoka. Ndipo akaanza kuita langu."